Mizimu ya Pangi

Watu wa mtaa wa Kasuku bado wanamwita mzee yule "mhariri", ingawa gazeti lake la hadithi za kutisha lilikufa miaka ya vita. Akiongea, vidole vyake hutembea juu ya meza kana kwamba vinatafuta neno la kukata. Wakati ule treni ziliacha kuja na karatasi ikaadimika, naye akawa anachapa nyuma ya fomu kuukuu za reli, akizungusha mashine kwa mkono mpaka bega linakufa ganzi. Kila hadithi aliisoma kwanza kwa sauti ya chini, naye alimuuliza kila mwandishi swali lile lile: "Mizimu yako inataka nini?" Siku moja mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Pangi, Emerance, alimletea kurasa chache. Akasoma hadi katikati, akaziweka mezani.

"Mama, humu mizimu iko wapi?"

"Haiko, Papa. Ni mambo ya kweli, njo vile ilitufikia kwetu nyumbani. Lakini weye utie mizimu, watu wapate kusoma."

Akaitia. Hakuna toleo lililopendwa kama lile. Watu waliazimana mpaka likachanika. Emerance hakurudi kuliulizia. Mpaka leo wenye pikipiki husimama mlangoni pake: "Papa, ile mizimu ya Pangi ilitutisha sana! Yule mama alijua kutunga!"

"Alijua," yeye hujibu, kisha pikipiki huondoka, naye hubaki amesimama pale, mtu pekee mji mzima anayejua kwamba kilichotungwa mle ni mizimu tu.