Mama Tarehe na Siku Isiyo na Mwenyewe

Mkutubi wa maktaba ya watoto alikuwa na jina lake zuri tu alilopewa na wazazi, lakini hata mumewe alikuwa ameshalisahau. Watu wote walimwita Mama Tarehe. Ukimuuliza harusi yako ilikuwa lini, atakutajia siku, mwezi na mwaka, kisha atakukumbusha kwamba ulichelewa.

Kwa miaka ishirini na miwili, kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ubao mweusi wa mlangoni. Aliugawa katikati kwa mstari wa chaki. Kushoto aliandika mambo makubwa yaliyowahi kutokea duniani tarehe kama hiyo. Kulia aliandika majina ya watoto waliozaliwa siku hiyo. Mtoto aliyeandikwa aliruhusiwa kukalia kiti cha mkutubi, kile kinachozunguka, na kuzungushwa mpaka aone maktaba mbili. Kwa hiyo watoto walisoma ubao kuanzia kulia, na wengi waliishia hukohuko.

Sharti lake lilikuwa moja: haandiki kitu kisicho na ushahidi. Kuna mtoto aliwahi kudai kwamba yeye huzaliwa mara tatu kwa mwaka. Alirudishwa nyumbani akalete vyeti vyote vitatu.

Sasa, ikafika tarehe kumi na saba mwezi wa nane. Upande wa kushoto haukumpa shida. Aliandika kwamba siku kama hiyo nchi mbili, kila moja na mwaka wake, zilitangaza uhuru, na kwamba watu watatu walimaliza kuvuka bahari ya Atlantiki wakiwa ndani ya puto kubwa. Akahamia kulia. Akafungua daftari lenye majina ya watoto mia nne na kumi na wawili, akashusha kidole ukurasa mzima. Hakuna mtu. Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaanza upya. Hakuna hata mmoja. Miaka ya nyuma siku hiyo ilikuwa ya mapacha wa fundi viatu, lakini mapacha walikuwa wameshahama na wazazi wao.

Watoto walipofika na kukuta upande wa kulia mtupu, walisimama wakaduwaa.

"Mama Tarehe, kwani siku hii imekosa nini?" akauliza msichana mmoja aliyeng'oka meno mawili ya mbele.

"Haijakosa kitu."

"Mbona haina mtu?"

Mama Tarehe akakuna kichwa. Mtoto mwingine akasema masikini, siku ya watu, haina hata rafiki, akaangua kilio. Kilio nacho kina tabia ya kuambukiza kuliko mafua. Ilipofika saa nne, maktaba nzima ilikuwa inafuta kamasi. Mvulana mmoja mwenye moyo mweupe alijitolea kuiacha tarehe yake ahamie pale.

"Tarehe haihamwi, mwanangu. Si nyumba ya kupanga," Mama Tarehe akamwambia.

Kelele zile zilimvuta mlinzi wa geti. Huyu aliitwa Afande, ingawa jeshini hakuwahi kukanyaga. Alikuwa na mkanda tu. Aliposikia msiba wenyewe, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Niandikeni mimi."

"Wewe si ulizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza? Nimeona kitambulisho chako."

"Ile si siku yangu, Mama Tarehe, ni ya karani! Siku ya kuandikishwa tulikuwa foleni ndefu, sisi hatujui tarehe, yeye amechoka. Akatubandika wote tarehe moja mwezi wa kwanza. Jirani yangu na mama yake mzazi wamezaliwa siku moja, mwaka mmoja."

"Na ya kweli ni lini?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema inaweza kuwa leo."

"Ushahidi?"

Afande akafikiri. "Mama yangu yupo hai. Siku hiyo alikuwepo."

Saa ya chakula cha mchana Mama Tarehe akafunga mlango, wakaongozana na Afande, na watoto saba nyuma yao ambao hakuna aliyewaita. Mwendo ulikuwa robo saa. Wakamkuta bibi, mama yake Afande, amekaa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama," akasalimia Mama Tarehe.

"Marahaba. Amefanya nini tena huyu?"

"Hajafanya kitu. Tunataka kujua siku aliyozaliwa."

"Kwa nini, mnataka kumrudisha?"

Watoto wakacheka. Bibi akaweka ungo chini.

"Tarehe siijui, lakini kisa nakijua. Daraja letu lilikuwa linafunguliwa. Akaja mkubwa mmoja na kofia ndefu kama jagi. Akakata utepe, watu wakapiga makofi. Mpiga picha akamwambia arudi nyuma kidogo. Akarudi. Akamwambia kidogo tena. Akarudi. Na kingo za daraja zilikuwa bado hazijawekwa!"

"Akaanguka?" watoto wakapiga kelele.

"Chubwi! Mzima mzima, na mkasi wake mkononi. Jioni shoga yangu akaja kunionyesha alivyoanguka, akatumia ndoo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kumbe si mbavu, ni uchungu. Ndiyo huyo mnayemwona."

Mama Tarehe hakungoja zaidi. Kule stoo ya maktaba kulikuwa na magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa kamba. Wakarudi mbio, bibi akiwafuata na mkongojo wake, maana alisema hawezi kubaki nyumbani wakati habari zake zinatafutwa. Wakafungua mafungu, vumbi likatimka, watoto wakapiga chafya kwa zamu. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikakaribia. Ndipo yule msichana wa mapengo akapaza sauti: "Kofia! Kofia iko majini!"

Ilikuwa picha ndogo, kofia peke yake inaelea. Juu ya ukurasa: tarehe 17 Agosti 1965. Shangwe zikalipuka, Afande akakumbatia rafu ya vitabu.

"Subirini," akasema Mama Tarehe, na uso ukamshuka. "Gazeti linasema 'jana'. Daraja lilifunguliwa tarehe kumi na sita. Na kumi na sita wameshajaa, wako tisa."

Hata chafya zikakoma. Bibi akagonga mkongojo sakafuni.

"Nani amesema nilizaa darajani? Daraja mchana, kicheko jioni, mtoto alfajiri ya kesho yake! Nyie mlidhani mtoto anatoka kama muhogo?"

Mama Tarehe aliokota chaki, akakimbilia ubaoni. Alikuwa hajamaliza kuandika Afande alipomshika kiwiko. Afande alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Hapo kwenye mwaka... Kitambulisho kinasema mwaka wa sitini na moja. Ina maana nimepungua miaka minne?"

"Hongera, umekuwa kijana."

"Na kustaafu?"

"Kunasogea mbele miaka minne."

Afande akatafakari, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwaka si lazima uandikwe. Lakini alikuwa amechelewa. Mtoto mmoja alishakimbia kumwambia mke wa Afande, aliyekuwa anauza matunda ng'ambo ya barabara, naye aliingia ameshika mbavu kwa kucheka.

"Kumbe nimekuzidi miaka miwili! Miaka yote hii nakuheshimu bure! Haya, niamkie."

"Shikamoo, dada," akasema Afande, akajitupa kwenye kiti. Watoto wakamzungusha mpaka mkanda ukafunguka.

Asubuhi ya pili Mama Tarehe alikuta foleni nje ya maktaba imekunja kona. Seremala, kinyozi, mwalimu mkuu mwenyewe, wote watoto wa tarehe moja mwezi wa kwanza. Akavuta daftari jipya, akamwita wa kwanza, mama mnene mwenye kanga ya njano.

"Mimi nilizaliwa siku mbuzi alipokula barua ya posa ya shangazi yangu," akasema yule mama.

Mama Tarehe akachonga penseli taratibu. "Mbuzi wa nani?"