Wimbi Lililofika Kwanza

Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha redio cha uokoaji, pale Nyamagana, nilimpa Mkuu wa Kituo shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshanigeuzia skrini. Niliona vilele viwili vya wimbi la redio: kifupi mbele, kirefu nyuma yake. "Boti ni ipi hapo?" Nikaonyesha kirefu. Alicheka hadi akavua miwani. "Hayo ni mawe, mwanangu!"

Akanieleza. Kifaa cha kwenye boti kinajibu mwito wa minara yetu mitatu, nasi tunapima muda ambao wimbi limetumia njiani, kisha tunaugeuza kuwa umbali. Lakini Mwanza ni mawe kila upande. Wimbi likidunda kwenye mwamba linazunguka na kuchelewa, na wakati mwingine linafika na nguvu kuliko lile lililonyooka. Ukilifuata, unaiweka boti mbali kuliko ilipo. Niliipenda kazi siku hiyohiyo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mchana wa upepo mkali, boti ya wavuvi watatu ilipinduka, kifaa chake kikaomba msaada. Kompyuta ikasema wako karibu na Kamanga. Nikaikodolea macho skrini ya mnara wa tatu: kilele cha mbele hakikuwepo, palikuwa na uvimbe mpana tu. Mwamba ulikuwa umeziba njia iliyonyooka, na wimbi lilitufikia kwa kudunda kwenye mwamba mwingine tu.

"Mnara huu tuutoe kwenye hesabu," nikamwambia Mkuu wa Zamu.

"Mama, boti ya uokoaji tunayo moja tu. Usinifanyie majaribio."

"Miwili inatosha. Ukichora miduara ya umbali kuuzunguka kila mmoja, inakutana mahali pawili: hapa Mkolani, kwenye nyumba za watu, na hapa ziwani. Boti haiko kwenye nyumba za watu."

Alinitazama, kisha akashika redio na kuwageuza waokoaji. Nilikaa nikiisikiliza redio mpaka sauti ilipotoka: "Tumewapata! Wote watatu, wameng'ang'ania boti." Nililia bila aibu. Nilipofuta machozi, nikaanza kutafuta ni mwamba gani uliotuzibia.

Sasa nimestaafu, na mafundi vijana hupenda niwasimulie siku ile. Nawasimulia, ila najua jambo linalonisumbua hadi leo. Mwamba ule ambao wimbi lilidundia ulikuwa na mikwaruzo na nyufa, ndiyo maana lilitapakaa na kutoa uvimbe mpana. Ungekuwa laini, mnara wa tatu ungenipa kilele chembamba, safi kama cha kweli. Waokoaji ningewapeleka Kamanga mimi mwenyewe, bila hata kutetemeka.