Nafuga samaki wa baharini Dodoma: skimmer iligoma kutoa povu, na mama mkwe yuko sebuleni

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, nachungulia nyuzi za watu nacheka peke yangu ofisini. Leo naleta ya kwangu. Sitatia chumvi hata punje, japo kisa chenyewe ni cha maji ya chumvi.

Mimi ni Mgogo wa Bahi. Kwetu samaki ni kambale, na kambale anapatikana mwaka ambao mvua imekubali. Ikikataa, tunaangalia ng'ombe na kusubiri. Kwa hiyo nilipoweka tangi la samaki wa baharini sebuleni kwangu hapa Dodoma mjini, ukoo mzima ulijua nimelogwa.

Kaka yangu alikuja kushuhudia. Akainama, akaangalia weee, akauliza, "Hawa wanaliwa lini?"

Nikamwambia hawaliwi.

Akaaga mapema.

Tangi nilinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, alikuwa anahamia Dar kwa watoto wake. Alinikabidhi na samaki wake: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja wa njano mbabe balaa, na kadogo kamoja ka madoa kanakoishi kwenye tundu la jiwe. Akaniambia, "Bwana, samaki hana shida. Wewe chunga maji tu. Na hii skimmer, ukishaitegesha, usiichezee."

Nikamwambia sawa mzee. Nikaenda nyumbani kuichezea.

Kwa wasiojua: skimmer ni mashine kama chupa pana, inakaa kwenye tangi dogo la chini, ndani ya kabati. Pampu yake inavuta maji pamoja na hewa, vinatokea viputo vidogo vidogo mno. Uchafu wa samaki unang'ang'ania kwenye viputo, povu linapanda shingoni, linamwagikia kwenye kikombe juu. Unamwaga kikombe, maisha yanaendelea. Umeshachemsha nyama ukaona lile povu la kijivu unalolitoa na upawa? Basi ni hilo hilo, ila hapa mashine ndiyo inashika upawa.

Kazi iko kwenye kuitegesha. Kuna kitufe cha kuzungusha kinachopandisha na kushusha maji ndani yake. Ukipandisha sana, kikombe kinajaa maji matupu. Ukishusha sana, povu linakaukia shingoni, halifiki popote. Unatafuta pale katikati, kikombe kikusanye kitu cheusi-cheusi kama chai iliyolala, na kinuke. Kikinuka, furahi.

Mimi nilikuwa nazungusha asubuhi, nikitoka kazini nazungusha, kabla ya kula nazungusha. Leo mafuriko kwenye kabati, kesho kikombe kikavu. Nikaamini mashine ni mbovu.

Kumbe ni upepo wa Dodoma. Mnaujua ulivyo mkavu, unafua nguo, ukimaliza kuanika ya mwisho ya kwanza imeshakauka. Maji yalikuwa yanaruka hewani kila siku, kina cha tangi la chini kinashuka, na skimmer inafuata kina. Nilikuwa nategesha mashine juu ya maji yasiyotulia. Nikabandika kipande cha utepe pale kina kinapotakiwa kuwa, kila asubuhi nikawa najazia maji baridi, yale yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe hairuki. Kisha nikaweka mikono mfukoni.

Baada ya muda chai nyeusi ikaanza kukusanyika. Nilimwita mke wangu Salma aje aone. Aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, akasema, "Hongera, umepata uchafu."

Sasa kisa chenyewe kinaanzia hapa.

Baba mkwe alifariki, huko Kondoa. Mama mkwe alipomaliza eda, Salma akamleta kwetu apumzike kidogo. Binti yetu Nasra yuko bweni Kongwa, kwa hiyo chumba kilikuwepo.

Wakuu, mimi na mama mkwe hatukuwahi kuvuka salamu. Shikamoo mama, marahaba baba, za huku, nzuri, basi. Siyo ugomvi, ni heshima tu. Mkwe huzoeani naye hovyo. Alipokuja, alikuwa amepungua, anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Hasemi. Anaswali, anakaa. Mara moja moja anamwambia Salma, "Nimekuwa mzigo, nirudishe kwangu."

Halafu akaliona tangi.

Akasogeza kiti mbele yake na hapo ndipo pakawa pake, kutwa nzima. Siku moja Salma akanipigia ofisini ananong'ona, "Mama anaongea Kirangi na samaki." Yule wa njano alimpa jina, Mwenyekiti, kwa kuwa anafukuza kila mtu na hafanyi kazi yoyote. Siku Mwenyekiti alipofukuza kadogo ka madoa, kenyewe kakatoka tunduni kakamfukuza yeye, mama alicheka mpaka akashika ubavu. Salma aliingia jikoni kulia. Hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu msiba.

"Baba Nasra," akaniambia, "hao samaki wasife. Nakuomba."

Haikuchukua muda, skimmer ikagoma.

Siyo povu jembamba, hapana. Hakuna kitu. Viputo vinapanda vinapasuka, kikombe kikavu kama jiwe la Bahi kiangazi. Nikapandisha, nikashusha. Wapi. Maji yakaanza kuwa kama yamechanganywa na uji mwepesi. Samaki wakawa wanapumua haraka, Mwenyekiti kanyong'onyea pembeni.

Ikabidi nifungue kabati nisafishe pampu kwa siki. Shida ni kwamba kabati liko mbele ya kiti cha mama mkwe, na kufika nyuma lazima ulale kifudifudi, kichwa ndani, makalio nje. Nilingoja mpaka aende kuswali. Nikajitosa. Nikiwa nusu nzima humo ndani, nasikia kandambili zinarudi, kiti kinalia, mtu ameketi.

Nikasema nikiwa kabatini, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na kazi."

Nilibaki humo kuliko ilivyohitajika.

Pampu ikang'aa, povu halikuja. Nikauliza kwenye kundi la wafugaji wenzangu, karibu wote wa pwani. Mmoja akaniuliza swali moja tu: "Kuna mafuta yanaingia?" Akanikumbusha kitu ambacho yeyote aliyeosha vyombo anakijua. Ukitumbukiza sufuria ya pilau kwenye beseni la sabuni, povu lote linakufa. Nikaenda kuangalia uso wa maji kwa pembeni, taa ikiwa imewaka. Rangi za upinde wa mvua zinaelea.

Mafuta. Kutoka wapi? Salma hagusi tangi. Mimi naosha mikono kama daktari.

Siku hiyo nilisahau faili nyumbani, nikarudi mchana. Nikapita mlango wa jikoni. Kufika mlango wa sebule nikakwama.

Mama mkwe kakunja mkono wa gauni, mkono uko majini mpaka kiwiko. Anamega chapati. Samaki wote wamemzunguka vidole, hata kale ka tunduni. Pembeni kwenye stuli, kichupa cha mafuta ya alizeti anachojipaka mikono isipasuke kwa ukavu wa huku. Anaongea nao taratibu, uso wake sijawahi kuuona vile.

Nilirudi kinyumenyume kama mwizi. Nikatoka, nikazunguka nyumba, nikaja mlango wa mbele nakohoa kama mgonjwa wa kifua. Nilipoingia ameketi, mikono mapajani, gauni linachuruzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Nimesahau faili."

Nikatoka bila hilo faili.

Jioni nikamweleza Salma. Alicheka, halafu akaketi. "Ukimwambia anaua samaki, kesho asubuhi mizigo iko mlangoni. Usipomwambia wanakufa mbele yake. Ataona na wao wamemwacha."

Hapo ndipo nilipokuwa, wakuu. Nikakaa siku nzima natunga sentensi. Nikifika mbele yake naishia kumuuliza kama amelala vizuri.

Mwishowe Mwenyekiti akaacha kabisa kula. Nikaona basi. Nikavuta stuli, nikakaa upande wake, macho kwenye tangi.

"Mama, nina jambo."

"Sema."

"Hii mashine inasafisha maji kwa povu. Sasa povu limekufa kwa sababu mafuta yameingia. Samaki wanaumwa. Tukiwahi watapona."

Nikakaa wima kama naomba posa upya.

Akasema, "Nilikuwa nangoja uniseme."

"Mama?"

"Ile siku nilikuona. Kioo hiki kinaonyesha mlango wa kutokea jikoni kama ulivyo. Nikaona mwanamume anarudi kinyumenyume ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena kwa ncha za vidole. Halafu anakuja mbele anakohoa!" Akaanza kutikisika. "Nikasema huyu anakwenda kuniitia watu waje kunisema. Nikangoja. Naulizwa kama nimelala vizuri!"

Nilijaribu kujizuia. Nikashindwa. Tukacheka wote wawili mpaka Salma akaja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna balaa.

Alipotulia akafuta macho, akaniambia polepole, "Marehemu nilimlisha mwenyewe mwisho wake, kwa mkono huu. Mkono umezoea. Sikujua kama nawadhuru."

Nikamwambia, "Mama, mkono hauna shida. Shida ni chapati."

Tulifanya kazi pamoja. Yeye alilaza karatasi za jikoni juu ya maji zinyonye mafuta, mimi nikabadilisha sehemu ya maji, nikaweka mkaa maalumu wa kuchujia na kusafisha shingo ya skimmer. Tukakubaliana: chakula ni kile cha samaki, kidogo, mikono imesuuzwa kwa maji matupu, na mafuta ya alizeti anajipaka baada ya kulisha, siyo kabla. Baada ya hapo hakuna kuzungusha kitufe. Tusubiri.

Kusubiri kuligeuka kazi yake. Siku moja niko kwenye kikao simu ikaita, namba ya Salma. Nikatoka nje nikipokea kwa wasiwasi. Siyo Salma.

"Baba, limepanda."

"Nini mama?"

"Povu! Limefika kwenye kikombe. Jeusi. Linanuka vibaya sana!"

Alikuwa anafurahi, na mimi nilikuwa koridoni nafurahi, watu wanapita wananiangalia.

Samaki wote wamepona. Siku Mwenyekiti alipoanza kula, mama naye alimaliza sahani yake. Hazungumzii tena kurudi haraka. Na sasa mimi na yeye tunabishana, kitu ambacho sikutegemea. Juzi aliniambia kina kimeshuka na mimi ni mvivu. Ilikuwa kweli.

Nilichojifunza: skimmer ukishaitegesha, iache. Ikigoma ghafla, kabla ya kuilaumu uliza kilichoingia kwenye maji. Sisi wa bara kavu, tushike kina cha maji kwanza, mengine baadaye. Na la nje ya maji: jambo dogo ukilizungukia kwa hofu ya kumuumiza mtu, unaweza kumwacha peke yake na wasiwasi wake huku yeye anakungoja useme tu.

Wafugaji wa Singida, Tabora na kwingineko mbali na bahari, mnapata wapi chumvi nzuri ya tangi bila kusubiri basi la Dar? Na walioishi na wakwe zao nyumba moja, karibuni, semeni. Matusi ya "Mgogo na samaki" nimeshayazoea, ila yawe mapya.