Vikombe vya Ofisi ya Walimu

Nilihesabu walimu kwa vikombe vyao vya chai. Naanza na hilo ili anayetaka kunicheka anicheke mapema, tuendelee. Nilikuwa darasa la sita, nina akili timamu na macho mawili mazima, na bado nilipotumwa kuhesabu watu nikaishia kuhesabu vyombo, nikaandika jibu kwa kalamu nene ya bluu kwenye karatasi ya manila, likabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu kila mtu alione. Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi imechanganyika na sabuni ya mche, nageuza uso upande wa pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kazi yangu. Kila siku baada ya mapumziko ya saa nne niliosha vikombe vya walimu kwenye beseni nyuma ya ofisi, kwa kuwa nilionekana mtoto mtulivu asiyevunja vitu. Utulivu gani! Nilikuwa naogopa jua. Wenzangu walikimbizana uwanjani, mimi nikajikunyata kivulini na beseni langu, na nikasifiwa kwa hilo mbele ya shule nzima.

Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya serikali, imebanwa kati ya maghala na maduka ya vitenge, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo. Mwalimu akisema "tuanze", mnadi nguo nje ya ukuta alikuwa ameshaanza zamani, na kwa sauti nzuri zaidi. Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko usioelezeka: watoto wa nyumba za zamani za mtaa wa Gerezani ambao bibi zao walimjua kila mtu, watoto wa wabeba mizigo waliotoka kusini, watoto wa wenye maduka waliokuja na vifutio vyenye harufu ya ndizi, na ndugu wawili ambao baba yao alikuwa mnadi samaki soko la Feri, nao hakuna aliyetaka kukaa nao dawati moja siku ya joto. Mimi nilikaa nao, kwa sababu dawati lao lilikuwa karibu na mlango na sikuwa na nguvu za kutembea mpaka nyuma. Walimu nao walikuwa tisa. Sasa najua walikuwa tisa. Wakati ule, Mungu anisamehe, sikujua.

Katika hao tisa, wa hisabati alikuwa mmoja tu, Mwalimu Kombo, mtu mrefu mwenye doa la wino kwenye mfuko wa shati. Mpaka anatukuta, mimi hesabu nilikuwa nazibahatisha tu. Yeye alikuwa na swali moja lililotutesa wote: "Umeona kwa macho?" Siku moja alitupeleka sokoni, darasa zima, akatusimamisha mbele ya meza ya mama mmoja muuza nyanya, akaniuliza fungu la pembeni lina nyanya ngapi. Nikasema nane, kwa sababu la jirani yake nililiona lina nane. "Umeona kwa macho?" Nikasema ndiyo. Mwalimu akalibomoa taratibu, nyanya moja moja, mpaka zikaisha: sita, na chini yake boksi limekunjwa kuliinua. Yule mama akapiga kelele, "Mwalimu we, umekuja kufundisha au kuniharibia biashara?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akazinunua zote sita na boksi lake, akanikabidhi boksi nikalitunze. Tangu siku hiyo nikaanza kupata hesabu. Si zote, lakini nilikuwa napata, na nilianza kuamini kwamba darasa la saba nitavuka bila kumwaibisha mama.

Basi ikaja habari kwamba kesho yake asubuhi kuna mgeni kutoka ofisi ya elimu. Shule ikapata wazimu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Salome, mama wa haraka asiyepanga mambo mpaka yamfikie kooni, akagundua kwamba ile karatasi ya ukutani inayoonyesha idadi ya wanafunzi, walimu, madawati na vyoo ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa kushoto. Taarifa zenyewe zilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mwalimu aliyekwenda msibani. Akatazama huku na huku, akaniona na sinia.

"We binti, una mwandiko mzuri. Acha hivyo vikombe, njoo uandike hapa."

Wanafunzi nikapewa idadi yao na viranja, kutoka kwenye madaftari ya mahudhurio. Madawati niliwauliza viranja hao hao. Ilipofika safu ya walimu, nikamuuliza wako wangapi.

"Kahesabu! Si unawaoshea vikombe kila siku? Hunijui mimi, humjui Kombo?"

Alimaanisha kwamba nawafahamu, niwapitie mmoja mmoja. Lakini madarasa ya mwisho yalikuwa ng'ambo ya uwanja, jua limewaka kama limelipwa, na vikombe vilikuwa hapo hapo kwenye sinia, visafi, vimejipanga vyenyewe, karibu kila kimoja kina herufi ya mwenyewe kwa rangi ya kucha chini ya kitako. Nikavihesabu. Kumi na vinne. Nikaandika: WALIMU 14. Nikapigia mstari mara mbili, kwa rula.

Sasa niwaambie kilichokuwemo kwenye lile sinia. Kulikuwa na kikombe cha mwalimu mkuu aliyestaafu, ambacho hakuna aliyethubutu kukitupa. Kulikuwa na cha mwalimu aliyekwenda masomoni na hajarudi, cha wageni chenye maua, cha mlinzi, na kimoja ambacho mpaka leo hakuna ajuaye ni cha nani, ila kilinywewa kila siku.

Jioni ile nilikuwa nabandika manila yangu wakati Mwalimu Kombo alipoingia kuchukua chaki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa anasoma ukuta. Alisoma muda mrefu, mikono nyuma, kama anayesoma barua.

"Walimu kumi na wanne," akasema. "Hawa umewaona kwa macho?"

Nilikuwa na gundi mpaka kwenye viwiko. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Nilisubiri alibomoe fungu langu. Hakulibomoa. Alitabasamu kidogo, akachukua chaki zake, akaniambia nisisahau kufunga dirisha, akaondoka.

Mgeni alikuja, akanywa chai kwenye kikombe cha maua, akauliza takwimu. Kabati bado lilikuwa limefungwa. Mwalimu Salome akaelekeza ukutani kwa kidevu, mgeni akanakili kila kitu kwenye daftari lake, akasifu mwandiko. Nilisimama mlangoni nimevimba kwa fahari kama andazi. Wiki chache baadaye ikaja barua: shule yetu ina walimu wengi kuliko inavyohitaji kwa watoto wake, na shule za pembezoni zinalia, hivyo tutoe mmoja. Aliyetajwa ni Mwalimu Kombo. Mwalimu Salome aliisoma ofisini kwa sauti huku mimi nikikausha sinia, akasema, "Wengi? Wengi wako wapi? Labda wanaishi darini!" Ningeweza kufungua mdomo hapo. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikaosha vikombe kumi na vinne, nikajiambia tena kesho. Siku aliyoondoka tulimwimbia wimbo, na mimi nikafanya jambo la pili la kijinga: nilichukua kikombe chake cha bati chenye ukingo wa kijani na herufi K, nikakifunga kwenye sweta, nikaenda nacho nyumbani. Sijui nilidhani kitafundisha.

Hisabati ikachukuliwa na mwalimu wa muziki, ambaye kwa haki kabisa alifanya alichokiweza. Jedwali la saba tuliliimba kwa sauti nne na makofi. Hakuna aliyejua linatumika wapi. Wengi wa darasa letu hawakuvuka. Mimi nilivuka kwa tundu la sindano, nikafika kidato cha nne, na kwenye cheti changu mahali pa hisabati pana herufi ambayo nimeificha kwa gundi na picha ya pasipoti.

Leo nashona sare za shule hapa barazani kwetu, nyumba ile ile niliyokulia, na siendi popote kama kitu kinaweza kuletwa. Mwanangu anasoma shule ile ile. Maghala yamekuwa maghorofa, darasa letu la sita halioni jua mpaka saa sita, na watoto wamepungua kwa kuwa wazazi wamehamia huko viwanja vilipo. Manila imekwisha, sasa kuna bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, na picha ya mwalimu mkuu akicheka. Mwezi uliopita nilipeleka sare, nikalisoma, na mguu ukakataa kuondoka. Nikapita darasa kwa darasa, nikichungulia, nahesabu walimu kwa vidole, mpaka kijana mmoja mwalimu akatoka akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikasema nipo sawa. Nikarudi kwenye bango. Idadi ilikuwa sahihi kabisa, mtu kwa mtu. Badala ya kufurahi nikakasirika mpaka nyumbani. Kumbe inawezekana! Kumbe ni kutembea tu!

Nikamsimulia jirani yangu Mama Sele, anayekaanga chapati mlango wa pili, na kwa mara ya mia nikamtolea kile kikombe nimwonyeshe. Mama Sele anajenga Chanika, huko pembezoni, na siku hizi hana habari nyingine ila tofali. Akaniangalia, akashusha chuma cha chapati.

"Huyo Kombo wako si ndiye mwenye duka la saruji pale ninaponunua?" akasema. "Nilimuuliza juzi. Kiwanja alikuwa nacho huko tangu enzi hizo. Aliomba uhamisho mara tatu akanyimwa, anaambiwa shule yenu haina walimu."

Nikakumbuka lile tabasamu mbele ya manila. Nikakaa chini. Nikaanza kumweleza Mama Sele kwamba hata hivyo, darasa zima lilibaki bila hesabu, na kwamba huenda hanikumbuki, na kwamba Chanika ni mbali, jua hili, na nina sare kumi na mbili za kumalizia. Hakuniacha nimalize.

"Miaka yote unamlilia mtu aliyekuwa ameshafunga mizigo! Chanika si Ulaya. Mpelekee kikombe chake, umwambie ulidanganya, uache kutuchosha."