Fundi wa Kibirichia Aliyekataa Kuishika Mandolini

Mimi ni mwalimu, nimezoea kueleza jambo polepole, hatua kwa hatua. Hili nalo nitalieleza hivyo hivyo, usije ukasema nimetia chumvi. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Kaka yangu alipofariki aliniachia mandolini kubwa, ile ambayo sauti yake iko oktavu moja chini ya mandolini ya kawaida. Ina nyuzi nane, zimepangwa mbili mbili. Wakati huo mama yetu, anayeishi Kianjai, alikuwa anapoteza usikivu. Daktari alitueleza kwamba sauti za juu zimeshamtoka, za chini bado zipo, lakini nazo hazitakaa sana. Mama aliomba jambo moja tu: asikie tena wimbo ambao kaka alikuwa akimpigia jioni.

Shida ni kwamba mandolini ilikuwa imekaa darini miaka mingi. Shingo ilikuwa imepinda, nyuzi zimeinuka juu sana hata kuzibonyeza kulinitoa damu vidoleni. Na ukibonyeza, noti inatoka kando ya mahali pake.

Embu mjini, ninakofundisha, niliipeleka kwa fundi wa magitaa. Akaigeuza, akacheka. "Mwalimu, hii gita ilizaa? Nyuzi nane za nini? Wacha nitoe nne." Nilimpokonya, nikatoka.

Ndipo mwenzangu wa kwaya akanitajia Mzee Kirimi wa Kibirichia, aliyemtengenezea gita zamani, kabla mwenzangu huyo hajahamia Embu. Jumamosi nikaenda. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya viazi, ikabidi niulize njia mara tatu. Nilikuta mlango wa karakana uko wazi, na mzee mrefu amesimama karibu na dirisha, koti limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Chai ujipikie, jiko liko pale."

Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Halafu niambie, umewahi kuingia kwa Mmeru ukaambiwa ujipikie chai? Mimi nilidhani ni utovu wa adabu tu. Nikamnyooshea mandolini. Alirudi nyuma hadi ukutani.

"Usinipe! Nikiishika, naenda nayo. Shika wewe, mimi nitasema."

Basi akasema, nami nikafanya. Kwanza tulilegeza nyuzi. Ndani ya shingo mna chuma, na mwisho wake una tundu la spana ndogo. "Robo mzunguko tu, kisha ungoje. Mti hauharakishwi." Tukangoja. Shingo ikanyooka kidogo, nikaongeza kidogo tena. Kisha tukaja kwenye daraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la mandolini. Nililisugua kwa msasa upande wa chini, huku nikilijaribu kila mara, hadi nyuzi zikashuka. Mwisho tukatafuta mahali pa daraja lenyewe. Ukibonyeza uzi katikati na noti ikatoka juu kupita kiasi, unalisogeza daraja nyuma, mbali na shingo, kwa upana wa ukucha.

Nilikosea mara mbili. "Anza tena," alisema bila hasira. "Sikio lako ni zuri. Mikono ndiyo inaogopa."

Nilipopiga nyuzi zote nane, sauti ilijaa karakana kama kwaya ya wanaume. Nilitoka kwenda kumchukulia mzee zawadi ya asali niliyoiacha kwenye mkoba nje ya mlango. Hapo nikakutana na bibi kizee mwenye jembe begani, ufunguo umening'inia shingoni.

"Nani amekufungulia?"

"Mzee Kirimi, shosho. Yuko ndani."

Tulitazama ndani. Hapakuwa na mtu. Vumbi sakafuni lilikuwa na nyayo za mtu mmoja, nazo zilikuwa zangu. Nikashika mlango.

"Bwana yangu nimemzika, huu ni mwaka wa tatu," bibi akasema taratibu. "Alikupa chai?"

"Aliniambia nijipikie."

Akakaa juu ya gunia la viazi, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Basi ni yeye! Miaka arobaini, hata sufuria hakuwahi kuteleka!" Kisha akajipangusa. "Alikufa akilalamika kwamba anaondoka na kazi yake, hakuna aliyetaka kujifunza."

Jioni hiyo hiyo nilikuwa Kianjai. Nilipiga wimbo, mama akafumba macho. Nilipomaliza akasema, "Hapo katikati umeharakisha. Kaka yako pia alikuwa anaharakisha." Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Sasa mama hasikii tena. Lakini alisikia. Nami, kwa vifaa alivyonipa yule bibi, hutengenezea watu magitaa na mandolini hapa Embu, na kila anayekuja humwachia spana aishike mwenyewe. Wengine hukasirika kidogo, kisha huzoea.

Kwa hiyo nakuonya. Ukimkuta fundi asiyetaka kupokea kitu chako, usimlazimishe. Anajua kwa nini. Na kama kwenu yuko mzee mwenye ujuzi ambaye bado anapumua, usingoje aanze kufundisha akiwa ng'ambo ile. Nenda wiki hii. Msalimie kwa mkono, uhisi joto lake, umwambie umekuja kujifunza.