Kamati ya Zamu Yatimiza Akidi

INATANGAZWA kwa wauguzi wote, wa mchana, wa jioni na wa usiku, ya kwamba Kamati ya Zamu imeketi, imetafakari kwa kina na imeamua. Uamuzi wake ni wa mwisho. Asiyeridhika, na aridhike.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ubao wa hospitali kila tarehe ishirini na tano, na chini yake majina ya wauguzi mia mbili na kumi na wanne: nani alale kwake, nani akeshe wodini. Madaktari wenyewe walipita mbele ya ubao ule kwa adabu.

Sista wa Wodi ya Sita alilisoma mara mbili. Alhamisi tarehe 14, zamu ya mchana! Siku hiyohiyo mama yake alikuwa apasuliwe jicho, hospitali ya mji mwingine, na bibi yule alishasema wazi: "Usipokuwepo mwanangu, mimi mle ndani siingii. Nitabaki na upofu wangu, tumeshazoeana."

Barua ya kamati ilimkuta mezani kwake. "Ombi lako limetafakariwa kwa masikitiko makubwa." Masikitiko hayo yalikuwa ya tisa sasa. Wakati huohuo muuguzi mmoja wa Wodi ya Pili, waliyemwita Kauka kwa sababu hata salamu aliibania, hakuwahi kunyimwa siku. Wengine walisema ana mganga. Wengine walisema ana shemeji kamatini, jambo ambalo ni kubwa kuliko mganga.

Sista akavua glavu, akateremka ngazi mpaka masjala. Leo atawaona wajumbe uso kwa uso, wakitaka wamfukuze kazi.

Masjala ilikuwa chini kabisa, inanuka karatasi zilizowahi kulowa. Karani wake, Mzee Mafaili, alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini na kalamu mbili mfukoni, zote zimekauka. Alisifika kwa mambo mawili: hakuwahi kukosea, na hakuwahi kuonekana akiharakisha.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuonana na kamati."

"Marahaba, sista. Wamo humo." Akauonyesha mlango wa ndani kwa kidevu.

Sista akavuta pumzi, akapanga maneno yake makali, akasukuma mlango. Meza ndefu. Viti vitatu. Rafuni vikombe saba vimefunikwa na vumbi, na buibui mmoja aliyeonekana ana cheo.

"Mbona hamna mtu?"

"Hebu inama, uangalie chini ya meza."

Akainama. Palikuwa na kompyuta ya zamani, rangi ya meno ya mvuta sigara, imevikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Feni yake ilikoroma.

"Ndiyo hiyo," akasema Mzee Mafaili.

"Ndiyo hiyo nini?"

"Kamati."

Sista akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti bila kukusudia. Vumbi likapaa. Mzee akawasha kioo, akamwonyesha maandishi yaliyojaa alama za dola na asilimia, utadhani kuku amekanyaga wino akakatiza ukurasa. Hiyo ni Perl, akamweleza, lugha kongwe ya kuiamuru kompyuta, ambayo vijana wa siku hizi wanaicheka kama suruali pana za baba zao. Fundi mmoja alisahau kitabu chake hapo masjala. Mzee alikisoma miaka miwili, saa za chakula, kamusi pembeni. Kisha akaandika mistari mia na arobaini. Inasoma orodha ya wauguzi, inahesabu nani amekesha mara ngapi, inapanga zamu, inajibu maombi, inachapa tangazo.

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Hapana, nauliza inachukua muda gani kupanga?"

"Aa. Sekunde nne."

Sista akashika kichwa. "Na wajumbe je?"

"Mmoja kastaafu. Mmoja kahamia kwa mwanawe. Mwenyekiti tulimzika, wewe mwenyewe ulibeba shada."

"Mzee! Mwezi jana kafungua kikao! Nimesoma muhtasari kwa macho yangu haya!"

"Anafungua kila mwezi. Yuko mstari wa hamsini na mbili."

Miaka kumi na mmoja hospitali nzima ilikuwa ikimwogopa marehemu na feni.

"Sasa," sista akasema, "hii mashine ina ugomvi gani na mimi?"

Mzee akalifungua ombi lake, lile alilolichapa kwenye kompyuta ya wodi. Mstari wa kwanza ulikuwa salamu. Wa pili, salamu kwa familia za wajumbe. Wa tatu, kuwatakia afya njema, mwenyekiti hasa. Tarehe 14 ilijitokeza mstari wa kumi na tisa, imechoka.

"Inasoma mistari mitatu ya mwanzo," akasema. "Isipoona tarehe, inasikitika. Mwanzoni mlikuwa mnaandika kwa kifupi. Huu mchezo wa kuiamkia mmeuanza wenyewe."

"Na Kauka?"

Mzee akafungua ombi la Kauka. *Nataka Jumanne tarehe 12.* Basi. Hata nukta aliiweka kwa shingo upande.

Sista akavuta kibodi. Aliona aibu kwa ufupi wa alichokuwa anaandika, kama mtu anayevua nguo mbele ya wakwe. *Naomba Alhamisi tarehe 14.* Akataka kuongeza "tafadhali", mzee akamtazama, akaacha. Kitufe kikabonyezwa. Moja, mbili, tatu, nne. Printa ikatapika karatasi: kamati imetafakari kwa kina na kwa furaha kubwa, jina lake limebadilishana zamu na la Kauka.

Akaikumbatia karatasi ile. Machozi yakamtoka, na kicheko, na kitu kingine kisicho na jina. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mzee wangu, unajua wewe ndiye umeiendesha hospitali hii miaka yote hiyo? Peke yako! Wakubwa wameshindwa, wataalamu wameshindwa. Nini kilikusukuma ufanye jambo kubwa kiasi hiki?"

Mzee Mafaili akatazama rafu.

"Walikuwa wanakutana siku nne kila mwezi," akasema. "Nilichoka kuosha vikombe."