Mwanamke Aliyetaka Jina Langu

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, kwa macho yangu, nikiwa mzima, sina homa wala sijalala. Nasema mapema kwa sababu nimeshamsimulia mwalimu mmoja, naye akaniuliza kama nilikuwa nimekula samaki aliyelala. Sikuwa nimekula chochote. Nilikuwa na njaa, tena nina hasira, na mtu mwenye njaa na hasira huona vizuri sana, niamini.

Ilikuwa mwaka ule ule tuliopata uhuru, nami niko nyumbani Msambweni kwa likizo ya shule. Siku hizo lilikuwa likija gari la serikali, gari la sinema. Mchana lilipiga kipaza sauti barabarani, watoto wakilifukuza nyuma kwenye vumbi. Jioni lilisimama uwanja wa mpira. Safari hiyo lilileta kitu kipya: makasha ya vitabu. Vilitandazwa juu ya mkeka kama samaki mnadani, na kila mtu aruhusiwa kuvishika, kuvifunua, na akipenda kimoja aende nacho nyumbani mpaka gari litakaporudi. Bure.

Basi hebu fikiria. Watu wametoka mpaka Jego na huko Mkongani, na kila mtu ataka kushika kila kitabu. Kulikuwa na cha kufuga nyuki, cha kushona, cha hesabu, cha nchi za baridi chenye picha za watu waliovaa mablanketi miguuni, na vya hadithi, vyembamba, vingi. Yule bwana wa gari alikuwa mtu wa bara, mfupi, mwenye kofia. Alipojua kwamba nimesoma sekondari akanipa kalamu na daftari.

"Wewe msichana, andika hawa watu majina. Na ufanye mbio, hii jua inaenda."

Mbio! Kama kuna mtu duniani hahitaji kuambiwa afanye mbio, ni mimi. Lakini wale watu! Mzee mmoja alitaka kitabu chenye pweza. Nikamwambia hakuna cha pweza, kuna cha nyuki. Akasema, "Nyuki nawajua, mwanangu, wameniuma. Nataka kuona Wazungu wamesema nini juu ya pweza." Mama mmoja alichukua kitabu cha kushona, akapima karatasi kwa shubiri, akaniuliza kama zile karatasi zaweza kukatwa. Mwingine alikifunua cha nchi za baridi, akaona theluji, akamwita mwenziwe, "Njoo uone, wamemwaga unga nchi nzima!"

Nilikuwa nimechoka kabisa pale alipokuja yule mwanamke.

Wala usiniulize habari za kwato za jini. Najua ndilo unalotaka kuuliza. Sikuiona miguu yake, buibui lilifika chini. Alikuwa mwanamke kama wanawake wengine, makamo ya shangazi zangu, uso wa upole, na alinukia asumini kidogo. Alichutama mbele ya vitabu akaanza kuvitazama kimoja kimoja, polepole sana, na kila kimoja alikifungua kwa nyuma. Nikasema moyoni, huyu amezoea kusoma vya Kiarabu, vya kutoka kulia kwenda kushoto. Watu wazima wengi kwetu ndivyo walivyo. Mwisho akachagua cha hadithi.

"Jina lako, mama?"

"Langu halifai kuandikwa humo."

"Kwani lina nini?"

"Ni refu." Akacheka kidogo. "Niazime lako. Nikimaliza kitabu nitakurudishia vyote viwili."

Nyuma yake kuna watu wamepanga mstari. Bwana wa gari apiga makofi, "Haya, haya!" Adhana ya magharibi imekaribia. Wewe ungefanya nini? Nikasema, "Haya, chukua," nikaandika jina langu mwenyewe daftarini, mbele ya jina la kile kitabu, nikampa. Akasema ahsante vizuri, kwa adabu, akaondoka. Sikumfikiria tena.

Watu waliposwali na kurudi uwanjani, shuka kubwa jeupe lilikuwa limeshafungwa kwenye milingoti ya goli. Kama hujaona sinema za kwetu za wakati huo, nikueleze: wanaume walikaa upande wa gari, na wanawake walikaa nyuma ya shuka. Picha huonekana pande zote mbili, ila sisi wa nyuma twaiona kinyume. Maandishi yamegeuka, na watu wote kwenye picha wanakula kwa mkono wa kushoto. Bibi zetu walikuwa wakisikitika. "Masikini hawa, hawakufunzwa adabu." Hata uwaeleze vipi hawakubali.

Mimi nilichelewa kwa kupakia makasha garini, kwa hiyo picha ilipoanza nilikuwa bado upande wa wanaume, karibu na mashine. Ilikuwa picha ya bendera mpya na magwaride. Kila mtu aliyekatiza mbele ya ule mwanga, kichwa chake kilitokea kwenye shuka, kikubwa kama jahazi, na watu wakapiga kelele, "Kichwa! Ondoa kichwa!" Kijana mmoja alifanya pembe kwa vidole, watu wakamrushia maganda ya machungwa.

Kisha akapita yule mwanamke. Alipita katikati ya mwanga, taratibu, kitabu amekishika kwapani. Hakuna aliyepiga kelele. Kwa nini wapige? Kwenye shuka hapakutokea kitu. Magwaride yaliendelea kupita, safi, kama kwamba mbele ya mashine hapana mtu, na mimi namwona pale pale, naona mpaka mshono wa buibui lake.

Nilijiambia macho yamechoka kwa kuandika. Nikazunguka upesi kwenda nyuma ya shuka alipokaa mama yangu.

Mama alikuwa kwenye mkeka wetu. Na mahali pangu, ubavuni pake, amekaa yule mwanamke, mkono wa mama umo mkononi mwake. Anamnong'oneza mama, anamweleza picha. Mama yuwacheka.

Nikasema, "Mama, huyu ni nani?"

Mama hakugeuka. Nikamgusa bega. Akanitazama, uso wake mzuri, wa heshima, kama anavyotazama mtoto wa watu.

"Ndiyo, mwanangu. Watafuta nani?"

"Mama, ni mimi."

"U mtoto wa nani wewe? Umepotezana na wenzio?" Kisha akamgeukia yule mwanamke, akamwita kwa jina langu. Jina langu! Akamwambia, "Hebu msogezee huyu mtoto akae, asije akakanyagwa."

Na yule akaitika, "Labeka, mama." Kwa sauti yangu.

Unajua baridi ya pale unapotia mguu kisimani na maji huyaoni? Basi ndiyo hiyo, lakini mwili mzima. Nilitaka kulitaja jina langu, niseme mimi ndiye fulani binti fulani, na kinywa changu kikafunguka, lakini lile jina halikutoka. Nilikuwa na kila neno la Kiswahili na la Kiingereza cha shuleni, ila hilo moja.

Wanawake wakaniambia, "Kaa chini, watuzibia." Shangazi yangu wa damu ndiye aliyenivuta kanga. Hakunijua.

Nikakimbia. Bibi yangu alikuwa pembeni, peke yake, amelipa mgongo shuka. Yeye hakuwa akitazama sinema, alisema picha zamkata jicho, alikuja kusikiliza watu tu na kutafuna tambuu yake. Nikamfikia natweta, sijui kama nimwambie mimi nani.

Akasema, bila kugeuza shingo, "We Chapuchapu, wakimbilia wapi tena?"

Wallahi nilianguka kwenye mapaja yake. Bibi hakuwahi hata siku moja kuniita jina langu. Alisema ni jina la upande wa baba, wao walilitia bila kumuuliza, basi waliite wao. Tangu nianze kutembea mimi kwake ni Chapuchapu, kwa ajili ya haraka zangu. Na Chapuchapu sikuwa nimemwazima mtu.

"Bibi, mama hanijui."

"Umempa mtu nini?"

"Jina. Aliniomba nimwazime."

Akaacha kutafuna. "Jina ni sufuria, hata liazimwe?"

"Alisema atarudisha akimaliza kitabu."

"Na aliyechukua mbuzi yangu ya kukunia nazi pia alisema atarudisha." Akatema pembeni. "Ati umesoma! Azima huijui? Ile anayoandika mwalimu, ikakunjwa, ikafungwa shingoni? Mtu akikwambia niazime, lisikilize neno kwanza, usiwe mbio kama kuku aliyemwagiwa maji. Ni mtu wa wapi huyo?"

"Sikumuuliza. Bibi, hana kivuli."

Bibi akasoma dua kimya kimya. Kisha akasema polepole, "Akivuka kizingiti chetu akiitwa jina lako, tumekukosa. Kamdai sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika. Lakini usimdai chemba. Mdai mbele za watu, kwa sauti, kama unavyomdai jirani mbuzi ya nazi. Wale wana haya kutushinda sisi."

Kipaza sauti kilikuwa kimeshatangaza picha ya mwisho, ile ya kuchekesha, mtu mnene anayefukuza kuku mpaka ndani ya kanisa. Watu wanacheka uwanja mzima. Nikarudi mbele ya mkeka wetu, nikasimama wima, mgongo kwenye shuka, mwanga wa picha unanimulika kutoka nyuma. Kumdai mgeni hadharani kwetu ni aibu kubwa. Nilisikia masikio yakiwaka moto.

"Dada," nikasema kwa nguvu, "naomba jina langu. Ulichukua kwangu jioni, kwenye vitabu, ukasema utarudisha."

Wanawake wakanikodolea macho. Mmoja akasema, "Huyu kapandwa na pepo?" Upande wa pili wanaume wakapiga kelele, "Nyamazeni huko nyuma!"

Yule mwanamke hakukasirika. Aliinamisha uso. Alikuwa na haya kweli, kama alivyosema bibi.

"Sijamaliza kitabu," akasema.

"Umefika wapi?"

"Nimefika mwanzo."

"Basi kimebaki kidogo. Kaa nacho kitabu, sikidai. Nirudishie jina langu, watu wote hawa ni mashahidi."

Akamtazama mama, akamtazama kwa muda, na mimi nikaona hataki kuuachia ule mkono. Kisha akauweka mkono wa mama juu ya mkeka, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akalitaja jina langu, langu na la baba na la babu, kama linavyoitwa darasani. Akasema, "Chukua chako."

Umewahi kuoga baharini, maji yakaziba sikio, kisha yakatoka ghafla, ya moto, na ukasikia dunia nzima? Ndivyo ilivyokuwa. Aliinuka, wanawake wakakunja magoti kumpisha, kama wanavyompisha mtu yeyote. Alipokwisha kupita ndipo wakaanza kuulizana ni nani yule.

Na mama akaniambia, mama yangu mwenyewe, kwa ukali wake ule ule mtamu, "We mwana, umesimama kama mlingoti! Kaa, wanizibia kuku!"

Nikakaa. Nikamkumbatia mpaka akanisukuma. Akanipa kipande cha mhogo wa kuchoma, nikala, nikacheka yule mtu mnene na kuku wake mpaka machozi yakanitoka, na hakuna aliyejua kwamba si ya kicheko peke yake. Sijawahi kula mhogo mtamu kama ule.

Kitabu hakikurudi. Gari lilipokuja tena, bwana wa gari alinifokea mbele za watu, "Hii kitabu iko kwa jina yako!" Nikasema, "Ndiyo, bwana, ni langu," na nilifurahi kulisema. Akaninyima kuazima tangu siku hiyo. Na mpaka leo mtu akiniita jina langu nyuma yangu, sigeuki upesi. Kwanza nalisikiliza. Ndiyo maana sijaliandika hapa.

Lakini liko jambo moja ambalo sijamwambia mama, na sitamwambia. Usiku ule njiani kurudi nyumbani alinishika mkono akasema, "Leo umenifurahisha, mwanangu. Kila siku nikikuuliza picha wasema tazama tu mama, tazama. Leo umenieleza yote, neno kwa neno, hukuchoka." Nikaubana mkono wake, tukaenda. Tangu usiku ule kila gari likija hunikalisha ubavuni, hunipa mkono wake, husema, "Nieleze kama siku ile." Nami namweleza. Kwa nini yule kavaa kofia, kwa nini huyu analia, kwa nini wanakula kwa kushoto. Naimeza haraka yangu yote, namweleza.

Basi wewe unayesoma, azimisha sufuria, azimisha mbuzi ya nazi, azimisha hata kanga yako ya kwendea arusini. Jina usimpe mtu, hata awe mpole vipi, hata mstari nyuma yake ufike baharini. Na kama una mama anayependa kuelezwa picha, mweleze wewe mwenyewe, kabla hajapata mwingine wa kumweleza.